Nani anaamuru ukurasa? Historia ya CSS kwa sisi tunaojifunza kwa telefone



Leo sitaandika juu ya mihogo wala udongo, hata kama mimi ni mtu wa agronomia. Nitaandika juu ya kazi ambayo wengi wetu tumeanza kujifunza baada ya lisansi, wakati wa kungoja ajira isiyokuja: kutengeneza kurasa za tovuti. Mu grupu yetu haipiti juma moja bila mtu kuuliza aanzie wapi. Majibu huwa mengi. Huyu anatuma PDF, yule anatuma video ya saa kumi na mbili, mwingine anasema chukua tu kitu kilichotengenezwa tayari. Lakini hakuna anayeuliza: hii PDF iliandikwa mwaka gani? Mimi pia sikuuliza. Hasara iliyotokea haikuniangukia mimi peke yangu, njo maana naiandika hapa.

Mwaka wa 2022 nilikuwa Bukavu na diplome yangu ya agronomia, sina kazi. Niliingia mu santre moja ya formasio kwa miezi mitatu. Tulipewa silabusi ya fotokopi, kurasa zingine zilikuwa zimefifia. Tulifundishwa kwanza HTML, yaani lugha inayosema hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni picha. Halafu tulifundishwa kupanga ukurasa mzima ndani ya jedwali: menyu kushoto, habari katikati, matangazo kuume. Upana wa jedwali ulikuwa pikseli 960, na mwalimu alisema hiyo namba ni ya kushika kichwani. Mu ordinateri za santre kazi ilionekana safi kabisa. Nikapewa sertifika.

Muda mfupi baadaye, koperative moja ya kahawa kando ya ziwa Kivu iliniomba ukurasa mmoja tu, wa kuonyesha wanamemba siku za kupokea mavuno. Nikajenga jedwali la safu sita: stasio ya kuoshea, kijiji, siku, saa, bei kwa kilo, na mwisho kabisa maelezo. Nikaonyesha komite kwa ordinateri yangu, wakapiga makofi.

Kwa wasiojua kahawa: serizi, yaani tunda lenyewe jekundu, ikishachumwa haingojei. Inatakiwa kutolewa ganda siku ileile, sivyo inaanza kuchacha na ubora unaanguka. Juma moja mashine ya stasio iliharibika, siku ya kupokea ikasogezwa. Nikaandika mu safu ya maelezo: imeahirishwa hadi kesho. Asubuhi yake familia moja ilichuma, ikabeba mabeseni kichwani, ikatembea karibu saa tatu, ikakuta mlango umefungwa. Jioni Mama Prezida wa koperative alinipigia.

"Agronomu, ile neno ya kuahirisha uliiandika wapi?"

"Iko pale, Mama Prezida. Mu safu ya mwisho, kuume."

"Kuume ya wapi? Telefone yangu inaishia kwa bei."

Nikaenda kuangalia kwa macho yangu. Kwa telefone yake ukurasa wote ulikuwa umekunjamana, maandishi madogo sawa vile sisimizi. Ili asome, alipaswa kuvuta kwa vidole viwili. Akishavuta, safu za kuume zinatoka nje ya kioo, na hakuna kitu kinachomwambia kwamba kuna neno lingine huko. Niliomba musamaha, lakini musamaha haurudishi serizi iliyochacha.

Nilimwonyesha kazi yangu mukubwa mmoja aliyesoma mbele yangu, anayefanya kazi ya tovuti tangu zamani. Aliangalia ile kodi dakika moja tu, akaniambia: "Peti, hii njia ni ya mwaka wa 1997. Mutu hafundishi tena hivi." Nilisikia haya. Lakini lile jibu lilinipa kazi: kama njia ina mwaka wake, basi kuna historia, na mimi siijui. Nikaanza kuisoma mega kwa mega. Nitakachowaandikia hapa njo kile nilitamani kuelezwa siku ya kwanza.

UKURASA WA KWANZA ULIENEA KILA KIOO

Wavuti ulizaliwa CERN, maabara ya fizikia iliyo Geneva, kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa. Mwingereza Tim Berners-Lee aliandika pendekezo lake mwaka wa 1989, na mwaka wa 1991 watu wa nje wakaanza kuutumia. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliuachia ulimwengu bila malipo.

Kurasa za wakati ule zilikuwa maandishi na viungo tu. Hazikuwa na upana. Maandishi yalijaza kioo chochote kilichokuwepo: kioo kikiwa kipana, mistari inakuwa mirefu, kikiwa chembamba, mistari inakatika mapema. Ukurasa wa aina ile ukiufungua leo kwa telefone, bado unasomeka. Kumbe kitu tunachokiita leo kisasa, ukurasa unaofuata ukubwa wa kioo, kilikuwepo tangu mwanzo bila mtu kukitengeneza. Sisi watengenezaji njo tulikivunja baadaye.

Kwa nini tulikivunja? Sababu kurasa zile hazikuwa na sura. Aina ya herufi, ukubwa na rangi viliamuliwa na kivinjari, kile tunaita huku navigateri, au na msomaji mwenyewe kwa mipangilio yake. Mwandishi hakuwa na sauti. Mwaka wa 1993 kivinjari cha Mosaic kilitoka Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kikiwa na picha ndani ya maandishi, na watu wakamiminika. Watu wa magazeti na wa matangazo walipoingia, wakauliza: mbona siwezi kuchagua hata rangi ya kichwa changu?

1994: ASILIMIA ZA MAMLAKA

Mnorwe mmoja, Håkon Wium Lie, alikuwa akifanya kazi CERN wakati ule. Tarehe 10 Oktoba 1994 alitoa pendekezo la karatasi za mitindo zinazoporomoka. Njo mwanzo wa CSS. Wazo lilikuwa kutenganisha vitu viwili: HTML iseme kitu ni nini, karatasi nyingine iseme kionekane namna gani.

Lakini lililonishangaza katika pendekezo lile ni jambo lingine. Lie aliandika mtindo pamoja na asilimia. Mwandishi angeweza kusema nataka kichwa kiwe na ukubwa huu, na ninaomba asilimia 100 ya uamuzi. Au naomba asilimia 40 tu, mengine yaamuliwe na msomaji. Yaani kabla ya rangi na mapambo, swali lilikuwa la mamlaka: ukurasa uko mbele ya macho ya msomaji, umeandikwa na mwandishi, sasa nani anaamuru?

Mholanzi Bert Bos, aliyekuwa akitengeneza kivinjari chake kwa jina Argo, alikuwa na mawazo ya karibu. Wakaungana. Zile asilimia hazikubaki, lakini neno maporomoko lilibaki, na maana yake ni hii: amri zinashuka kutoka ngazi mbalimbali. Kuna amri za kivinjari, amri za msomaji, amri za mwandishi. Zikigongana, kuna kanuni ya kusema ipi inashinda. Mtu anayelalamika kwamba CSS yake haitii, mara nyingi hajafundishwa hii kanuni. Anaongeza amri juu ya amri, kama mtu anayeongeza dawa shambani bila kujua mdudu ni gani.

CSS ya kwanza ilipitishwa na W3C, shirika la kanuni za wavuti, tarehe 17 Desemba 1996. Ndani yake, mwandishi na msomaji wakisema wote wawili kwamba amri yangu ni ya lazima, mwandishi alishinda. CSS2 ilipotoka Mei 1998 kanuni ile iligeuzwa: kwa amri za lazima, msomaji njo anashinda. Sababu iko wazi. Mtu asiyeona vizuri, anayehitaji herufi kubwa, hawezi kushindwa na mtu aliyependa herufi ndogo kwa urembo. Kwa karatasi, basi, Mama Prezida alikuwa ameshinda tangu 1998. Kwa jedwali langu la 2022 alikuwa ameshindwa.

JEDWALI LILITOKA WAPI

Kanuni kwenye karatasi ni kitu kimoja, kivinjari ni kitu kingine. Mu miaka ya 1995 hadi 2000 Netscape na Microsoft walikuwa mu vita ya vivinjari. Netscape ilileta majedwali mwaka wa 1995, kwa ajili ya takwimu. Watengenezaji wakagundua kwamba jedwali lisilo na mistari linaweza kushika ukurasa mzima, safu kwa safu, kama gazeti. Mwaka wa 1996 Mmarekani David Siegel alitoa kitabu kilichoeneza mbinu hizi, pamoja na ile ya kuweka picha ya pikseli moja isiyoonekana, ukiivuta ili kusukuma vitu mahali unapotaka. Mwaka uliofuata Siegel mwenyewe aliandika kwamba wavuti umeharibika, na kwamba yeye njo aliyeuharibu.

Tusiwacheke wale watu. Internet Explorer 3 ya Agosti 1996 ilikuwa na kipande tu cha CSS. Netscape 4 ya 1997 ilikuwa na CSS yenye makosa mengi. Mtu mwenye mteja anayelipa angefanya nini? Jedwali lilikuwa jembe pekee lililokata. Kosa lilikuja baadaye: silabusi zilibaki na jembe wakati kiwanda kilikuwa kimeshaleta kitu kingine.

Mwaka wa 1998 watengenezaji waliochoka kuandika ukurasa mmoja mara mbili, mara moja kwa Netscape na mara moja kwa Microsoft, walianzisha Web Standards Project ili kusukuma makampuni yafuate kanuni. Mwaka wa 2000, Internet Explorer 5 ya ordinateri za Macintosh ilikuwa ya kwanza kutekeleza CSS ya kwanza karibu yote. Zaidi ya miaka mitatu kati ya kanuni kupitishwa na kivinjari kuitii!

Mwaka uleule, Aprili 2000, John Allsopp wa Australia aliandika makala ya kusema hivi kwa ufupi: karatasi ina ukubwa wake, wavuti hauna, na huko kutokuwa na ukubwa ni nguvu, si ugonjwa. Wengi walisoma, wachache walitii.

960, ILE NAMBA YA SILABUSI

Tangu 2002 na 2003 mambo yalibadilika kidogo. Gazeti la Wired lilitengeneza upya tovuti yake kwa CSS mwaka wa 2002. Mei 2003 Dave Shea wa Kanada alianzisha CSS Zen Garden: HTML moja isiyoguswa, na kila mtu anatuma karatasi yake ya mitindo. Maneno yaleyale yalionekana kama bustani, kama sinema, kama gazeti. Watu waliona kwa macho kwamba maneno na sura vinaweza kutengana kweli.

Lakini chombo cha kupanga safu bado hakikuwepo. Walitumia floti, amri iliyotengenezwa ili picha ikae pembeni na maandishi yaizunguke. Walielea picha, menyu, safu, kila kitu. Ukisahau kufunga floti, sanduku linaanguka na ukurasa unapasuka. Na kivinjari kilichotawala, Internet Explorer 6 ya 2001, kilikaa miaka mitano bila mrithi, hadi 2006. Walioanza wakati ule walitumia nusu ya kazi yao kutibu magonjwa yake.

Njo hapa nilikuta namba yangu. Vioo vingi vya ordinateri vilikuwa na upana wa pikseli 1024. Mwaka wa 2008 Nathan Smith alieneza mpango wa pikseli 960: inaingia vizuri ndani ya 1024, na inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8, 10, 12, 15 na 16. Akili safi, kwa ordinateri ya mezani ya 2008. Silabusi yetu ilikuwa imeokota namba ya 2008, ikaiweka juu ya jedwali la 1997, ikatufundisha sisi wa 2022. Ni sawa vile agronomu kumpa mkulima fishi ya zamani inayosifu mbegu ya mihogo ambayo leo mozaiki inaimaliza. Fishi haikusema uongo siku ilipoandikwa. Tatizo ni kwamba hakuna tarehe juu yake, na mkulima anaamini.

TELEFONE INARUDISHA SWALI

Wengi wetu tuliona intaneti mara ya kwanza kwa Nokia ya vitufe, na ile alama ya O nyekundu: Opera Mini. Ilitoka kwa dunia nzima Januari 2006. Ukurasa ulipita kwanza kwa mashine za Opera, ukabanwa, ndipo ukaja kwako ukiwa mwepesi, na mega zako zikadumu. Opera ni kampuni ya Norwe. Na mkuu wa teknolojia wa Opera tangu 1999 alikuwa nani? Håkon Wium Lie, yuleyule wa CSS. Nilipolisoma hili nilicheka peke yangu. Mtu aliyeuliza 1994 nani anaamuru ukurasa, kampuni yake njo ilituletea kurasa mu telefone za vitufe.

Mwaka wa 2007 iPhone ilileta ujanja mwingine. Kwa kuwa tovuti zilijengwa kwa vioo vipana, telefone ilijifanya kuwa na kioo cha pikseli 980, ikachora ukurasa wote, kisha ikaufinya uingie mfukoni. Telefone zingine zilifuata. Ili telefone iache kujifanya, mwandishi anaweka mu HTML mstari mmoja wa kusema: tumia upana wako wa kweli. Mimi sikuwa na mstari huo. Sasa mnaelewa sisimizi wa Mama Prezida walitoka wapi.

Tarehe 25 Mei 2010 Ethan Marcotte, Mmarekani, alitoa makala iliyobadilisha kazi hii. Aliunganisha vitu vitatu vilivyokuwepo tayari: safu zinazopimwa kwa uwiano badala ya pikseli, picha zinazokubali kupungua, na amri za CSS zinazouliza kioo kina upana gani ndipo zitumike. Hizo amri zinaitwa midia kweri, na W3C ilizipitisha rasmi Juni 2012. Marcotte alichukua jina la mbinu yake kutoka kwa wasanifu majengo, waliozungumza juu ya nyumba zinazojibu mwendo wa watu waliomo. Sisi tunasema risponsivu, lakini maana njo hiyo: ukurasa unaojibu.

Agosti 2011, wafanyakazi wawili wa Twitter, Mark Otto na Jacob Thornton, walitoa Bootstrap, sanduku la mitindo iliyoandikwa tayari. Likaziba pengo la wakati ule na likasaidia watu wengi. Lakini mwenye kulichukua bila kujua CSS anabeba mizigo ya nyumba nzima kwa kuhitaji kiti kimoja, na anayelipa mega za ule mzigo ni msomaji.

VITALU, HATIMAYE

Vyombo vya kweli vya kupanga vilikuja polepole. Fleksiboksi ilianza kuandikwa 2009, ikabadilishwa maandishi yake 2011 na tena 2012. Njo maana video zingine za zamani zina amri ambazo leo hazina nguvu. Wewe unadhani umekosea, kumbe mwalimu njo amepitwa. Fleksiboksi inapanga vitu mu mstari mmoja, kwa kulala au kwa kusimama, na inagawanya nafasi inayobaki.

Gridi ilipendekezwa na Microsoft, ikatokea mu Internet Explorer 10 mwaka wa 2012 kwa sura ya kwanza. Kisha kampuni ndogo ya Uhispania, Igalia, ikalipwa na Bloomberg kuiingiza mu Chrome na Safari. Machi 2017 Firefox, Chrome na Safari zote ziliifungua mwezi mmoja. Hebu hesabuni: CSS ya kwanza 1996, gridi 2017. Miaka zaidi kidogo ya 20 tulipanga kurasa kwa vyombo vilivyotengenezwa kwa kazi nyingine.

Kwa mtu wa agronomia gridi haihitaji mwalimu. Ni plani ya majaribio tuliyochora tangu graduat: vitalu, mistari, njia za kupita katikati. Tofauti ni kwamba shamba hili linapanuka na kusinyaa. Mstari mmoja wa gridi unasema: panga vitalu vingi kadiri nafasi inavyoruhusu, kimoja kisiwe chembamba kuliko kipimo hiki, kinachobaki wagawane sawa. Kwa ordinateri vinakaa vinne, kwa tablete viwili, kwa telefone kimoja chini ya kingine. Hakuna kuuliza kioo ni cha nani.

Na kazi haijasimama. Kati ya Agosti 2022 na Februari 2023 vivinjari vikubwa vilipokea amri zinazoruhusu kipande cha ukurasa kuuliza upana wa sanduku kilimo, badala ya upana wa kioo chote. Ukiangalia vizuri, kila hatua mpya inamwondolea mwandishi kazi ya kukisia na inampa ukurasa uwezo wa kusikiliza mahali ulipo. Tunarudi kwa ule ukurasa wa kwanza wa CERN, sasa ukiwa umevaa nguo.

NILICHOFANYA

Nilifuta ile kazi yote. Nikaandika kwanza HTML tupu, bila mtindo hata mmoja, nikaifungua kwa telefone ndogo niliyoazima. Ilisomeka. Nikaweka ule mstari wa upana wa kweli. Kila stasio ikapata kitalu chake. Neno la kuahirishwa likahama kutoka mwisho likawa la kwanza ndani ya kitalu, juu ya siku na juu ya bei. Hakuna upana wa pikseli popote. Herufi ni zile za telefone yenyewe, hakuna picha. Nikapanga vitalu kwa gridi, mistari chini ya kumi. Ukurasa mzima ukawa mwepesi kuliko picha moja ya WhatsApp.

Siku ya kuonyesha sikufungua ordinateri yangu. Nilimwomba Mama Prezida afungue kwa telefone yake mwenyewe, mbele ya komite. Alisoma kwa sauti, kidole kikipanda na kushuka tu, bila kwenda kuume. Halafu akauliza: "Na mutu mwenye hana mega?" Hilo swali CSS haina jibu lake. Tulikubaliana kwamba siku ikiahirishwa, sekretere anatuma pia mesaje ya kawaida kwa kila kijiji. Niliona haya tena kidogo, sababu ni swali ambalo mimi ningepaswa kuuliza mbele yake.

Basi bandugu, kabla ya kutumia mega zenu kwa somo lolote la CSS, ulizeni vitu vitatu. Kwanza: hili somo ni la mwaka gani? Likipanga ukurasa kwa majedwali, liweke mu historia. Likipanga kwa floti peke yake, ni la mbele ya 2017. Pili: kuna mahali linanilazimisha upana wa pikseli kwa ukurasa mzima? Tatu: nikiondoa mitindo yote, maneno yangu bado yanasomeka kwa mpangilio wa maana? Ukijibu hili la tatu vizuri, umeshafanya nusu ya kazi, na hiyo nusu haizeeki.

Ile silabusi ya fotokopi sijaitupa. Nimeandika juu ya jalada lake, kwa kalamu nyekundu: 1997 na 2008. Wenye PDF za namna hiyo mu telefone zenu, msizifute. Ziandikeni mwaka kabla ya kumtumia mtu mwingine.